Fundo la Msusi

Begi la mzee Luhaga lilikuwa linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba chake, limejaa, zipu imefungwa, na kila asubuhi Elineema alipoingia kufagia alilikuta pale pale. Ndani mlikuwa na suruali mbili, koti la kanisani, Biblia ya Kisukuma na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Mzee alilipanga tangu mwezi wa tatu. Mahindi yakishavunwa, alisema, anapanda treni ya umeme hapo stesheni ya Kilosa hadi Dodoma, anaunganisha na basi, huyo Magu. Anakwenda kufia kwao.

Hilo la kufia ndilo lililomkera Elineema. Kufa gani? Mzee ana miaka sabini na moja, meno yote yamo kinywani, ugali anaumaliza na kuuliza kama umebaki ukoko. Ni ule mkono tu. Kiharusi kilimpitia mwaka jana wakati wa palizi, kikamlaza wiki tatu, kisha kikamrudishia ulimi, kikamrudishia na mguu, lakini mkono wa kulia kikaondoka nao. Kiwiko kilikunja kidogo, bega lilikuwa na nguvu, ila vidole havikushika hata kijiko.

Sasa wewe utasema mkono mmoja si kitu, wako watu wanalima heka kwa mkono mmoja. Kweli wako. Lakini hukumjua mzee Luhaga. Yule alikuwa mtu wa kutoa. Kabla hujaketi barazani kwake ameshakupa karanga, umeshika karanga anakukatia muwa, ukiaga anakufukuzia na kuku. Na alivyolelewa yeye, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni tusi, tena tusi la mchana kweupe. Basi mkono wa kulia ulipokufa, mzee akaacha kutoa. Moja kwa moja. Hata sadaka ya Jumapili alimwachia mwanawe amtilie kapuni, yeye akaangalia pembeni. Mwanawe, Budeba, dereva wa lori, alimwuliza siku moja kwa nini hasa anataka kuondoka, akajibiwa kwamba mtu asiyeweza kumpa mwenzake kitu hana haja ya kujaza nyumba ya watu.

Elineema, mke wa Budeba, hakutaka mzee aondoke. Hakutaka kabisa, na tusizungushe maneno: alimpenda baba mkwe wake kuliko alivyompenda baba wa kumzaa. Budeba alipotaka kumwoa, miaka kumi na sita iliyopita, ndugu walikuja juu. Msichana wa milimani, Mwanglikana wa shule za misheni, hajui hata kukamua, kazi yake kushikashika vichwa vya watu. Mzee Luhaga aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akachukua fimbo, akaswaga ng'ombe wa mahari yeye mwenyewe siku mbili kupanda milima, akafika kwa wazazi wake soli za viatu zimekwisha. Elineema alimwona anaingia uani anachechemea, akajua moyoni kwamba kwa mzee huyu amepata kwao.

Ila mapenzi hayo hayakuwa na pa kupitia. Mzee alishika adabu za ukwe kwa mikono yote, enzi hizo anayo yote. Mkwe anapiga magoti, shikamoo baba, marahaba mkwe, basi. Hawaketi mkeka mmoja. Hawapeani kitu mkono kwa mkono: kinawekwa kwenye kigoda, mwenzake anakiokota. Jikoni kwa mkwe mzee hakanyagi, na maneno yakiwa marefu yanapitia kwa Budeba. Miaka kumi na sita nyumba moja pale Mabwerebwere, na hawakuwahi kugusana hata ncha za vidole.

Jambo lenyewe lilianza Jumapili moja baada ya chakula, Budeba akisimulia mambo ya utoto wake ziwani. Baba yake, alisema, hakuwa mtu wa nyavu, alikuwa mtu wa mshipi na ndoano, na kwenye mtumbwi wao kulikuwa na sheria moja: kichwa cha samaki anakula aliyefunga ndoano. Hata kama aliyemvuta ni mwingine. Fundo ndilo linalomleta samaki, walisema, mengine yote ni kelele. Na katika maisha yake yote mzee hajawahi kumruhusu mtu amfungie ndoano. Elineema alikuwa anakusanya vyombo. Akaliweka neno hilo, na kesho yake akauliza kama lile bwawa la zamani la shamba la mkonge bado lina samaki. Wamo, Budeba akamwambia, perege na kambale, na ofisi ya kijiji inakataza nyavu tu, ndoano ruksa. Halafu akacheka, akasema pale Mikumi kuna jamaa anauza zile fimbo za Wazungu za kuvulia, zenye rili ya kuzungusha, lakini mzee ana mkono mmoja, atashika fimbo na nini na azungushe na nini.

Hilo swali Elineema alikaa nalo siku nne. Siku ya tano alifunga banda lake la kusukia, lile la mbao lililoshikana na nyumba, akapanda gari kwenda Mikumi kununua rasta. Rasta zilikuwepo hata Kilosa, hilo tunalijua sote.

Jamaa mwenyewe aliitwa Donati, na kibanda chake kilikuwa kando ya barabara kuu, yanapoegeshwa malori. Aliuza kila kinachoshuka kwenye makontena ya mitumba: chupa za chai, baiskeli zisizo na minyororo, magongo ya gofu. Fimbo za kuvulia zilikuwa zimesimama ndani ya pipa, na Donati alikiri bila haya kwamba wateja wengi wanazinunua kwa ajili ya kuinulia antena za televisheni. Alipomwona mama mtu mzima anaulizia, akamchomolea ndefu kuliko zote, inayong'aa, akasema hii inafika Iringa.

Elineema akavua khanga ya juu, akaufunga mkono wake wa kulia kifuani, akakaza fundo kwa meno. Kisha akanyoosha wa kushoto, akasema haya, nipe sasa. Madereva waliokuwa wanakula chipsi wakageuka. Mmoja akauliza kwa sauti kama mama ameumia au ameokoka.

Ile ndefu ilimlemea mara moja. Ncha yake ilizama chini kabla hajafanya lolote, kifundo cha mkono kikaanza kuuma. Akairudisha. Ya pili ilikuwa fupi, nene, ngumu, na Donati akaisifia ugumu wake kana kwamba ni nondo ya kujengea. Elineema akamwambia ashike ncha avute. Haikukunjika hata kidogo, na mvuto wote ukamwishia yeye begani. Kitana kisicho na ulaini kinang'oa nywele, hilo alilijua tangu ana miaka kumi na tano, na mzee hana bega la kupoteza. Akairudisha na hiyo. Ya nne au ya tano, hesabu iliwapotea, ilikuwa nyeusi, chakavu, haifiki urefu wa mlango, mpini wake wa gamba laini kama lile la vizibo vya chupa. Elineema akaubana mpini chini ya kwapa la kulia, akakaza kwa bega na kiwiko. Mkono wa kushoto ukabaki mtupu, huru kabisa. Akasimama akauangalia huo mkono, akacheka peke yake. Swali la Budeba lilikuwa limejibiwa.

Akamwomba Donati awe samaki. Ndiyo, samaki. Donati, mtu wa kilo tisini na kitambi chake, alishika ncha ya mshipi akakimbia kandokando ya lami, na madereva waliokuwa wanamcheka mama wakahamia kwake. Fimbo nyeusi ikakunjika kuanzia nchani mpaka katikati, ikatulia, ikarudi. Begani Elineema hakusikia kitu cha kutisha.

Iliyobaki ilikuwa rili. Kishikio chake cha kuzungushia kilikuwa upande wa kulia, upande ambao mzee hana mtu. Donati akasema ndivyo kilivyoumbwa. Elineema aliitazama. Bandani kwake mashine za kukaushia nywele alizifungua na kuzifunga mwenyewe, fundi alimwita kwa mazishi ya mashine tu. Aliona upande wa pili kuna kifuniko kidogo cha kuzungusha, akakifungua, akachomoa kishikio, akakipitisha kushoto, kikaingia vizuri tu. Donati akasema hata yeye alikuwa anataka kumwonyesha hivyo hivyo. Mbele ya rili kulikuwa na kitu kingine cha kukaza: ukikikaza sana mshipi hautoki hata kidogo, ukikilegeza sana unamwagika wote. Alimkimbiza Donati mara tatu zaidi kabla ya kupata mahali pake, mshipi unakataa akivuta kidogo, unakubali akivuta kwa fujo.

Mshipi wenyewe hakuhitaji ushauri wa mtu. Uzi ni kazi yake. Ule wa zamani kwenye rili aliukunja kwa kucha, ukabaki na alama kama nywele iliyoungua, akautupa. Kwenye roli mpya za mshipi akaacha mnene, ambao ulikuwa unarukaruka kutoka kwenye rili, akaacha mwembamba, ambao aliukata kwa mikono, akachukua wa katikati. Akaongeza ndoano tano. Alirudi Kilosa amejaa majivuno, anaijua nailoni, anaujua uzi wowote ulioko chini ya jua. Na hapo kwenye kujua ndipo alipoharibu.

Vitu aliviweka kwenye kigoda mlangoni kwa mzee, akapiga magoti, akasalimia, akaondoka. Mzee hakuvigusa. Siku ya kwanza alivipita, ya pili akavipita, Elineema akaanza kujiona mjinga. Siku ya tatu mchana, akiwa anasuka kichwa cha mwalimu mmoja, akasikia kutoka nyuma ya ukuta wa mbao: krrr. Kimya. Kisha krrr nyingine, ndefu. Mikono yake ikasimama, mwalimu akauliza kama uzi umekwisha.

Jioni ile mzee alimwambia Budeba, aliyekuwa mapumziko, kwamba aliyechagua kitu hiki ana akili, kishikio kakiweka kushoto. Budeba akasema ni mkewe. Mzee akaendelea kuipangusa fimbo kwa goti la suruali.

Ikabaki ndoano. Asubuhi yote ya kesho yake mzee alikaa nyuma ya nyumba, ndoano kaibana kwa vidole vya mguu, ncha ya mshipi mdomoni, mkono wa kushoto unahangaika. Akifika kwenye kukaza, fundo linamfunguka. Elineema alimwona kupitia upenyo wa mbao, ikabidi ageuze uso. Ilipofika saa sita mzee akainuka, akaweka ndoano na mshipi kwenye kigoda, akamwambia Budeba: funga wewe. Alilisema akiwa ameangalia mahindi.

Budeba alijua kufunga turubai la lori. Akamletea mkewe kimyakimya bandani. Naye Elineema akafunga kama alivyofunga miaka ishirini kwenye mashina ya nywele, vidole vinakwenda vyenyewe, fundo dogo, safi, zuri. Budeba akalirudisha kama la kwake. Mzee akaligeuzageuza karibu na jicho, kisha akaichomeka ndoano kwenye mpini wa fimbo.

Jumamosi wakaenda bwawani, wanaume wawili na fimbo, Afande mbwa wao nyuma, na Elineema na kapu la chai, akakaa hatua ishirini kutoka kwao kama inavyompasa mkwe. Mzee alitupa kwa kushoto. Mara ya kwanza mshipi ukaangukia majanini, mara ya pili ukampitia Budeba sikioni, mara ya tatu ukaenda mbali, ukaingia majini taratibu. Elineema alimwona mgongo unanyooka. Mzee akabana mpini kwapani, akashika rili, akawa mtu ambaye hajawahi kumwona, mtu wa ziwani, mtulivu, anayeijua kazi yake. Alitamani siku hiyo isiishe.

Samaki akashika karibu na saa tano. Fimbo ikainama, rili ikalia, mzee akazungusha, akaacha, akazungusha. Budeba alishaingia majini hadi magotini. Ghafla fimbo ikanyooka. Mshipi ukaja mtupu.

Mzee alivuta mshipi wote hadi mwisho, akaishika ile ncha kati ya vidole viwili, akaitazama. Ilikuwa imejiviringa, inapinda kama mkia wa nguruwe.

"Mshipi haujakatika," alisema. "Ukikatika unakuwa mkavu hapa. Huu umejiviringa. Fundo limeteleza." Akamgeukia Budeba. "Hili fundo naliona kwenye vichwa vya wanawake wa mtaa huu kila siku. Tangu lini wewe unasuka?"

Budeba akageuka kutazama alipokaa mkewe, na hilo likawa jibu. Mzee akakunja mshipi. Njiani, kule nyuma kwenye bodaboda ya pili, Elineema alilia waziwazi, hakujali dereva. Samaki wa kwanza wa mzee, na yeye ndiye aliyemwachia. Tena wamemdanganya mzee juu ya hilo. Alipofika alikwenda kulitazama begi. Lilikuwepo.

Jumatatu Budeba akarudi barabarani. Elineema akawa bandani na mteja wake, kichwa nusu kimesukwa nusu kimesimama, akasikia kigoda kinaburutwa barazani hadi kwenye ukuta wa mbao, upande wa pili, karibu kabisa na alipokaa. Mzee akakohoa.

"Afande," alisema, "wewe ni mbwa, hujui kitu, kwa hiyo nitakueleza polepole. Nailoni si nywele. Nywele zinakwaruzana, zinashikana zenyewe. Nailoni inateleza, ukiipa nafasi inakwenda zake."

Afande alikuwa amelala kifudifudi, jicho moja wazi. Elineema akaachia kichwa cha mteja. Akachukua kipande cha mshipi mfukoni mwa aproni, na ndoano, akatega sikio. Mzee alimweleza mbwa hatua zote: pitisha ncha kwenye tundu la ndoano, izungushe kwenye mshipi wenyewe mara sita, irudishe ipite kwenye kitanzi kile cha chini kilicho karibu na tundu. Kisha usivute. Hapo ndipo wajinga wanapovuta. Lilowanishe kwanza kwa mate, maana nailoni ikikazwa kavu inaungua ndani, huoni. Likishalowa, vuta polepole mpaka mizunguko ilale yenyewe.

Elineema akafunga. Akatoka, akaliweka kwenye kigoda cha kando, akapiga magoti, akarudi ndani. Akasikia mzee anatundika ndoano kwenye komeo la mlango, anazungushia mshipi kiganjani, anavuta. Tap.

"Afande, mizunguko imepandana. Rudia."

La pili lilikuwa na mizunguko minne tu, Afande akaambiwa ajifunze kuhesabu. La tatu likateleza. La nne Elineema akapata ujasiri, akasema kwa sauti ya kawaida akiwa bado ndani, "Afande, muulize mzee, lazima mate au hata maji yanafaa?" Mteja akaziba mdomo kwa khanga, mabega yanamtikisika. Papo hapo Elineema akaogopa kwamba amevuka mpaka. Kisha akasikia kitu ambacho hakikusikika nyumba ile tangu palizi ya mwaka jana. Mzee Luhaga alikuwa anacheka. Mwambie mate, Afande akaagizwa, maji yanakauka upesi.

La saba mzee alilivuta mara moja, akalivuta mara ya pili kwa uzito wa mwili wote, komeo likalia, fundo halikusogea. Elineema alichungulia kwenye upenyo. Mzee alikuwa anatazama kiganja chake cha kushoto, mshipi umemchora mstari mwekundu, naye kaufurahia utadhani kavishwa pete. Alichukua ndoano hiyo, akaingia nayo ndani, na mteja akauliza sasa kama mwenye kichwa naye anaweza kuhudumiwa.

Jumamosi ya pili walikwenda tena. Mzee alitupa vizuri tangu mara ya kwanza, na safari hii Elineema hakunywa hata chai, alikaa zile hatua ishirini zake ameshikilia nyasi kwa mikono miwili. Samaki alikuja jua linageuka. Hakushika kwa haraka, alivuta kidogo, akaacha, kisha akaondoka na mshipi kwa nguvu, rili ikalia mpaka ndege wakaruka. Mzee akamwacha aende. Alipochoka, akaanza kumrudisha, mpini kwapani, bega limekaza, mkono wa kushoto unazunguka. Samaki akaondoka tena. Mzee akamwacha tena. Budeba alimwambia baba akaze, mzee akamwambia aendeshe lori lake. Elineema hakuwa anamtazama samaki. Alikuwa anaifikiria ile mizunguko sita, kama ililala vizuri, kama mate yalitosha, na alimwomba Mungu kwa Kikaguru cha kwao milimani, lugha ambayo hakuwa ameomba kwayo tangu mama yake afariki.

Halikuteleza. Kambale alikuja mpaka kwenye tope, mkubwa, ndevu zake kama vidole vya mtoto, Budeba akamkumbatia na wote wawili wakaanguka majini. Mzee alisema kwamba kwao samaki wa namna hii ni chambo tu. Kisha akakaa chini pale pale kwenye tope.

Nyumbani Elineema alimchemsha kwa nyanya na ndimu, akatenga kichwa juu ya sahani kubwa kikiwa kizima, akapeleka barazani kwa wanaume, akapiga magoti, akarudi jikoni kwake. Hakutarajia kitu. Mzee yuko hai, ameshika samaki, mtu akitaka zaidi ya hapo ana tamaa. Alimsikia Budeba anauliza kwa mzaha kichwa hiki leo ni cha nani.

Jibu alilosikia ni miguu, mmoja unakanyaga, mmoja unaburuta kidogo. Akadhani mzee anakwenda kunawa. Miguu ikapita pipa la maji, ikaja mpaka mlangoni kwa jikoni, ikasita. Kisha mzee Luhaga akavuka kizingiti ambacho hakukivuka miaka kumi na sita. Mkononi, mkono wa kushoto, alikuwa na sahani, na juu ya sahani kichwa cha kambale. Mchuzi ulikuwa umemmwagikia kidole gumba.

Elineema akapiga magoti. Kigoda kilikuwa pale kati yao. Ilimpasa akisogeze, mzee aweke sahani, yeye aokote. Mzee naye alikitazama kigoda. Hakuiweka.

"Mkwe," alisema, "mkono wenyewe ndio huu."

Elineema alisogeza kigoda pembeni. Akanyoosha mikono yote miwili, akaishika sahani ikiwa bado mkononi kwa mzee, na vidole vyao vikagusana.

"Nimepokea, baba."

Mzee akabaki amesimama, hajui mtu anaondokaje kwenye jiko la mkwewe. Akatazama masufuria, akatazama paa. Afande alikuwa amemfuata, anatega jicho kwenye sahani.

"Ule mshipi uliobaki," mzee akasema mwishowe, "utatufikisha mvua za mwakani? Kambale wazuri wanakuja na mvua."

"Utafika, baba. Na mwingine utabaki."

"Haya," akasema, akaondoka.

Elineema alikula kile kichwa peke yake jikoni, mashavu, ubongo, akafyonza hata mifupa, machozi yanamshuka na hakuyafuta, maana yalikuwa ya raha. Budeba alipokuja kuulizia kama kimebaki kidogo alikuta sahani nyeupe.

Asubuhi aliingia kufagia kama kawaida. Kwenye msumari nyuma ya mlango ilining'inia rili, na chini yake fimbo imesimama kwenye kona. Koti la kanisani lilikuwa kwenye kamba, redio dirishani inasoma habari. Begi alilikuta uvunguni mwa kitanda, limekunjwa, tupu, na Afande amelilalia.